Kimara Haimo Kwenye Mzunguko

Kimara,
6 Agosti 2024

Baba mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Vumbi la Kahama halijakizidi nguvu? Sie huku hatujambo. Shangazi Wahiba goti bado linamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa, alhamdulillahi. Barua hii nampa kondakta wa basi hapa stendi ya Mbezi aiache kwa Fundi Leonardi, kama ulivyonielekeza. Ofisini wananicheka, eti zama hizi nani bado anaandika barua. Nawaambia baba yangu simu hataki, anasema simu inamwita asikokuwepo.

Nina mambo mawili. La kwanza la kazi. Ofisi yetu inatengeneza kamusi ya kwenye simu kwa wanafunzi wa sekondari, Kiingereza kwa Kiswahili, na bosi wangu, dada Atuganile, amenipa mie fungu la watu wasiotulia mahali pamoja. Baba, Waingereza wana majina ya watu hao mpaka utadhani nchi yao nzima ilikuwa barabarani. "Nomad", "vagabond", "vagrant", "tramp", "hobo", "drifter". Vitabu vya zamani vyote vimeyabandika jibu moja: mzururaji. Dada Atuganile hataki. Anataka kila neno nimwoneshe mtu wake, nani anaitwa hivyo na nani haitwi. Na mie mtu asiyetulia ninayemjua ni wewe tu.

La pili linafuatana na hilo. Jumamosi iliyopita kina Muntasir walikuja Chamazi kwa Shangazi kuleta posa. Muntasir nilikwishakutajia, yule kijana wa duka la vitambaa Tandika. Mambo yalikwenda vizuri, sambusa ziliisha, mpaka baba yake, Mzee Jamali, akauliza kwa adabu tu, "Na baba wa binti anakaa wapi?" Mie nilikuwa nyuma ya pazia. Kabla hata mume wake hajafungua mdomo, Shangazi akadakia, "Kaka yangu huyo mzururaji tu. Mkimtafuta mtachoka." Nikasikia mtu anakoroga chai iliyokwishakorogwa.

Niliona aibu, sikufichi. Aibu na hasira, na mpaka leo sijui hasira ilikuwa ya Shangazi au yako. Mzee Jamali hakukataa posa, alisema wataangaliaangalia kwanza. Kwa hiyo nakuuliza la kazi na la nyumbani kwa mpigo mmoja: katika majina hayo sita, wewe ni lipi?

Binti yako,
Widad

*

Kahama,
25 Agosti 2024

Mwanangu Widad,

Waalaykum salaam, na marahaba. Kifua kizima. Vumbi la huku tumeshazoeana, kila mmoja anamjua mwenzake. Barua yako ilinikuta nimelala chali chini ya cherehani, miguu nje, Leonardi akaitangaza kibandani kama goli la dakika ya mwisho. Mwambie Shangazi goti alikande na mafuta ya nazi ya moto, na asinitukane wakati analikanda, dawa haitafanya kazi.

Posa imenifurahisha sana. Na Shangazi yako msamehe. Amekulea tangu una miaka tisa, matusi mawili matatu kwangu ni haki yake.

Sasa hayo majina. Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya ubavuni mwa mashine, lakini watu ninao wengi. Mimi nikupe watu, wewe uwagawie majina. Kuna mzee mmoja barabara ya kwenda Isaka, anatembea tu. Ukisimamisha baiskeli umpakie, anakataa. Anaomba chakula nyumba hadi nyumba, na ukimpa jembe alipie ugali anacheka, anaendelea na safari. Kuna kijana anadandia malori ya pamba. Huyo ukimpa kazi anaifanya vizuri kuliko wewe, anapakia, anashusha, anakula jasho lake, halafu lori lingine likija anaondoka nalo. Kuna jamaa aliwahi kuwa mlinzi, dereva, muosha vyombo, na mwanafunzi wa Leonardi kwa mwezi mmoja. Ukimuuliza anaelekea wapi anajibu, "Tutaona." Na kuna mimi mwenyewe, mwaka fulani Dodoma, nililala stendi nimelalia sanduku langu la vifaa, askari wakanizoa wakaandika "mzururaji". Asubuhi walipojua kazi yangu ni kutengeneza cherehani wakaniletea ya mke wa mkubwa wao.

Ukiniuliza mimi nafanya nini, nitakwambia nafuata mshono. Mkulima akiuza pamba huku Usukumani, mkewe anataka gauni, basi mafundi wanashona usiku na mchana na mashine zinakufa. Nipo. Kahawa ikilipwa Bukoba, nipo kwa Fundi Didas. Disemba Wachaga wote wanarudi Moshi kula Krismasi, wanataka wapendeze, nipo kwa Demetria. Januari ni sare za shule, Morogoro nzima inashona kola. Kisha nashuka pwani, Tanga, Pangani, Bagamoyo, nguo za Idd. Masika njia zikikatika nakaa Kilwa nafumua mashine moja moja mpaka jua lirudi. Tabu yangu moja ni kwamba Ramadhani haikai. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi hivi, inavuruga mahesabu yote.

Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Mimi hata huko kutembea bure sijafika. Nieleze, kwa Kiingereza huyo ni nani?

Baba yako

*

Kimara,
22 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Umetuacha salama, tuko salama. Dada Atuganile ameisoma barua yako mara mbili na ameomba uajiriwe.

Watu wako nimewagawia. Mzee wa Isaka ni "tramp": anakwenda kwa miguu, kazi haitaki, anaishi kwa kuomba. Kijana wa malori ni "hobo": anahama, lakini anahama na jasho lake. Wa "tutaona" ni "drifter", huyo anakwenda kokote maisha yanakomsukumia. "Vagrant" ni wewe wa Dodoma. Hilo ni jina la askari na mahakama, mtu asiye na anwani wala njia ya kujikimu inayoonekana, na unaweza kupewa jioni ukavuliwa asubuhi. "Vagabond" limenihangaisha. Ni mtu asiye na kwao, wa kutiliwa shaka, lakini Waingereza wenyewe wakilitamka kuna kawivu ndani yake.

Sasa sikia. Nilikwenda dukani Tandika, nikamsomea Mzee Jamali ile sehemu ya pamba na kahawa na Krismasi. Nilitaka tu ajue baba yangu ana kazi. Akamwita Muntasir, akamwambia, "Julai majora ya vitambaa tunapeleka wapi?" Muntasir akasema Kahama na Shinyanga. "Septemba?" Bukoba. "Novemba?" Moshi. Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Huyu bwana anatembea nyuma ya vitambaa vyangu! Miaka yote hii nauza, yeye anahakikisha vinashonwa." Akasema mtu wa namna hiyo haulizwi anakaa wapi, anaulizwa yuko mwezi gani. Wamekubali, Baba. Ndoa ni Ijumaa ya tarehe 21 Februari, ndani ya Shaabani, kabla mfungo haujatukuta. Wewe ndiye walii wangu. Utamshika Muntasir mkono pale msikitini Chamazi na utaniozesha.

Niliporudi Kimara nikaupitia tena mzunguko wako, safari hii kwa ajili yangu. Kutoka Bagamoyo hadi Kilwa, kutoka Kilwa kurudi Kahama, huna njia isipokuwa kupita hapa. Mbona Dar es Salaam haimo?

Binti yako,
Widad

*

Bukoba,
17 Oktoba 2024

Mwanangu,

Salaam nyingi. Huku mvua, senene bado kidogo, Didas anasema nisiondoke kabla hawajaanguka. Msalimie huyo Mzee Jamali. Mwambie vile vitambaa vyake vya maua mekundu vinachuja, lakini uzi wake mzuri.

Umeniuliza Dar. Dar kila kona ina fundi wa mashine, tena vijana wenye vifaa vya kisasa. Mashine ya Temeke ikiugua saa mbili, saa tatu imepona. Mimi nifanye nini huko? Mtu asiye na kazi mahali anakuwa kiti cha ziada, kila anayepita anajigonga.

Sasa hilo la Februari, mama. Shaabani ndio mwezi wangu mkubwa pwani. Fundi akifiwa na mashine Shaabani, Idd yake na ya watoto wake imekwenda na maji. Wananingoja Pangani tangu mwaka jana. Nimefikiri, na nimeona sheria yetu ina nafasi. Walii anaruhusiwa kuwakilisha. Ndani ya bahasha kuna karatasi nimeitia saini mbele ya imamu wa hapa: nimemwakilisha mume wa Shangazi yako amshike Muntasir mkono kwa niaba yangu. Ndoa itatimia bila kasoro.

Halafu nina habari ya lile neno ambalo hukulitolea mtu. Njiani kuja huku basi letu liliharibika karibu na boma la wafugaji wanaohama. Nilikaa nao siku nzima. Mama mmoja alinionesha wanavyofunga nyumba: nguzo, ngozi, chungu, mpaka kuku, vyote juu ya punda. Wanajua majani yatakuwa wapi kabla hayajaota. Nikasema moyoni, hawa ni ndugu zangu, nao wanafuata majira. Basi andika hapo kwenye kamusi yako: "nomad" ni Abdulsamad fundi wa cherehani.

Baba yako

*

Kimara,
1 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Sie wazima. Nakuandikia kupitia Demetria wa Moshi, na nimechelewa kwa sababu barua mbili za mwanzo nilizichana.

Sijakuandika hapo. Nimesoma kila kitabu nilichokipata juu ya "nomad", na vyote vinakubaliana: mhamaji anahama na watu wake. Wewe mwenyewe umeona. Mpaka kuku walipanda punda. Mama alipofariki, wewe sanduku langu uliliweka kwa Shangazi na sanduku la vifaa ukaliweka kwenye basi. Mie nilikuwa mlangoni nimeshavaa viatu.

Neno lako lipo, nimelipata. "Itinerant". Mtu anayezunguka kwa kazi, mji hadi mji, kwa mpangilio, na zamani hata mahakimu waliitwa hivyo. Linakukaa kama shati la kupimwa. Dada Atuganile alipiga makofi nilipolileta. Mie nililiangalia nikaona uchungu tu, maana nimetafuta miezi minne neno la kukutetea, na nilipolipata ndani yake sina pa kukaa. Humo mna kazi na mna njia. Mtoto hamna.

Karatasi yako ya uwakilishi ninayo. Najua sheria inaruhusu. Sikukuuliza sheria. Nataka mkono wako ndio uwe juu ya mkono wa Muntasir, huo wenye alama ya sindano kwenye kidole gumba. Siku moja tu, Baba. Pangani itakusamehe, na isipokusamehe nitaiandikia mie mwenyewe.

Binti yako,
Widad

*

Kimara,
27 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Hujambo? U mzima?

Hujajibu. Demetria amenitumia ujumbe kuwa barua uliisoma, ukaikunja, ukaiweka kwenye sanduku pamoja na sindano, na kesho yake ukaondoka. Morogoro wanasema ulipita. Kwa hiyo barua hii nimeiandika mara tatu, moja Tanga, moja Pangani, moja Bagamoyo, kwa mafundi uliowahi kunitajia. Popote utakapoisoma, jua nyingine mbili zinakutafuta.

Shangazi anasema tutumie karatasi na tuache kujiumiza. Muntasir anasema tungoje. Mie nasema Ijumaa tarehe 21, baada ya sala, msikiti wa karibu na kwa Shangazi, Chamazi. Kama barua yangu ya Desemba imekuudhi, njoo uniambie uso kwa uso.

Mwanao,
Widad

*

Kimara,
13 Aprili 2025

Baba mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo, na Idd iliyopita ikukute bado na tende mdomoni. Kilwa mvua inanyesha? Huku Kimara mifereji imekuwa mito. Mie mzima, mkweo mzima, anakusalimu kwa heshima zote. Shangazi goti limepoa. Anasema ni mafuta ya nazi, anasahau kutaja yalikotoka.

Siku ile tuliongea kidogo, nyumba imejaa watu, na sikukueleza ilivyokuwa upande wetu wa wanawake. Mpaka saa sita mchana hakuna aliyekuona. Mume wa Shangazi aliingia chumbani kuniomba idhini na karatasi yako mkononi. Nikatoa idhini huku nalia, wanawake wakadhani ni furaha. Wakaondoka kwenda msikitini. Sie tukabaki na hina na udi, tunasikiliza kipaza sauti kupitia dirishani. Sheikh akasoma hutuba. Kisha kukawa na vurugu kidogo, kama watu wanapisha mtu, kitu kizito kikawekwa chini kikatoa mlio wa chuma. Halafu nikasikia, kwa sauti ya mtu aliyekimbia, "Nakuoza binti yangu Widad."

Binti yangu. Mume wa Shangazi asingeweza kusema hivyo. Nilimshika Shangazi mkono, hina yote ikamhamia. Akasema, "Huyo, mzururaji kafika," halafu akalia kuliko mie.

Nilikushukuru siku ile na nakushukuru tena. Hasira za Desemba nimezitua. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya tatu ulishakuwa stendi kabla hatujakutafutia jembe lenyewe. Nilipokusindikiza nilikwambia kaa kidogo. Ukanijibu, kwa upole, "Ningekaa, mama, lakini hapa nifanye nini?"

Swali hilo nimekaa nalo Ramadhani nzima. Mwanzoni lilinichoma. Baadaye nikaona hukunikataa, ulikuwa unauliza kweli. Kila mahali unapofika kuna kitu kimevunjika kinakungoja. Hapa kwangu ulikuta kila kitu kizima.

Basi juzi nilikwenda sokoni Tandika kwa wauza vyuma chakavu, nikanunua cherehani ya mguu. Mchuuzi alinisihi nichukue nyingine, hii imekufa zamani. Nikasema ndiyo hiyo hiyo. Muntasir na jirani wameibeba mpaka sebuleni, imekula nafasi ya kochi. Mkanda umekatika, gurudumu limeganda kwa kutu, na ndani kuna mlio wa kitu kilicholegea nikiitikisa. Mie kushona sijui, hata kifungo nampa Muntasir. Mkweo kaniuliza tutaifanyia nini. Nimemwambia hiyo si yetu.

Ile kamusi imeshatoka. Kila neno lina mtu wake, na mzee wa Isaka yumo. Sina la kukuharakisha, Baba. Nakujulisha tu kwamba Kimara kuna mashine imeharibika.

Binti yako,
Widad

*

Kilwa,
24 Aprili 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Barua imefika leo na basi la asubuhi, imelowa kona moja.

Gurudumu limeganda pande zote, au ukilirudisha nyuma linasogea kidogo? Huo mlio wa ndani ni mwembamba kama sarafu, au mzito? Mkanda usinunue, wa dukani ni mfupi, nitaukata mwenyewe. Kutu usiimwagie maji wala mafuta ya kupikia. Ifunike shuka kavu. Mashine ya zamani ikiganda hivyo si kazi ya siku mbili. Ni wiki, pengine mwezi, na haifai kuharakishwa.

Hapa Kilwa nimewaambia wanisubiri mpaka mvua zikatike. Wamenuna kidogo.

Usimruhusu fundi yeyote wa Dar aiguse. Nakuja.

Baba yako